Doto hakupita kipimo cha masikio, na karatasi nimeificha

Shikamoo mama mshauri.

Nina miaka 27, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mume wangu ni dereva wa malori, anakwenda Tunduma na mara nyingine anavuka mpaka Zambia, kwa hiyo kwa mwezi tunamwona siku sita au saba tu. Miezi minne na nusu iliyopita nilijifungua mapacha, wote wa kiume. Walikuja kabla ya wakati, mimba ikiwa na wiki 33, tukakaa wodi ya njiti wiki tatu. Wote wawili walipata manjano wakawekwa kwenye taa. Doto alikuwa mdogo zaidi, kilo 1.7, na siku ya nne akapata maambukizi kwenye damu, akachomwa sindano za jentamaisini kwa siku saba. Nilikuwa nawabeba kifuani kwa zamu, huyu asubuhi, yule jioni. Namshukuru Mungu nimetoka nao wote.

Siku moja kabla ya kuruhusiwa alikuja dada mmoja na kimashine kidogo, akasema anapima masikio. Kulwa alipita yote mawili. Doto hakupita hata moja. Kesho yake asubuhi akampima tena, ikawa vile vile. Akaandika kwenye karatasi turudi baada ya wiki nne, akanikabidhi, akahamia kwa mtoto mwingine. Sikuuliza kitu. Nilikuwa na furaha ya kurudi nyumbani, sikutaka kusikia neno jingine la hospitali.

Mama, ile karatasi sijamwonyesha mtu. Nimeikunja nikaiweka katikati ya vitenge vya uzazi kwenye sanduku. Tarehe ilishapita siku nyingi.

Mama mkwe yuko hapa, alitoka Nzega kuja kunisaidia. Nilimwambia tu kwamba nina wasiwasi na masikio ya Doto. Akasimama nyuma ya kitanda watoto wamelala, akagonga sufuria kwa mwiko. Wote wawili wakashtuka wakatupa mikono juu. Akacheka kwa furaha, akasema mjukuu wangu mzima, watoto wa kiume huchelewa tu, subiri wafike miezi sita utaona. Lakini pia anasema kama ni uchafu umeziba, atamdondoshea mafuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Mpaka leo nimemzuia kwa visingizio.

Kwa simu nilimgusia mume wangu kwamba labda tukampime Doto masikio. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Usimpeleke mwanangu kwenye mashine. Mtoto akishaandikwa, ameandikwa. Sitaki aitwe bubu." Dada yake, wifi yangu anayeishi Leicester, Uingereza, alimpigia kumwambia kwamba huko kila mtoto hupimwa akiwa na siku chache tu na wala si jambo la aibu. Wakagombana.

Nadhani najua hofu yake inatoka wapi. Baba yake mdogo kule kijijini hasikii tangu utotoni. Siku ya harusi yetu nilimwona amekaa peke yake karibu na zizi, na watoto walipotaka ageuke walikuwa wanamrushia vijiwe mgongoni. Hakuna aliyewakemea.

Doto anacheka, ananitazama machoni, anasema "aguu" kama mwenzake. Kuna siku najiambia hana tatizo lolote. Kuna usiku namwita taratibu akiwa macho na hageuki, moyo unanidunda. Nijifanye sijawahi kuiona ile karatasi? Nimpeleke kimya kimya baba yake akiwa safarini? Nisubiri miezi sita kama bibi yao anavyosema? Na tafadhali niambie ukweli: ni mimi? Nilikubali zile sindano. Halafu mimba yote tulipanga jirani na baa, muziki mpaka alfajiri.

Mama Mapacha, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Pole kwa zile wiki tatu. Nimefanya uuguzi wodi ya wazazi miaka mingi, najua mgongo wa mama wa njiti unavyouma, na wewe ulikuwa na wawili.

Nikikuelewa vizuri, kinachokukosesha usingizi si masikio ya Doto peke yake. Unajua jambo ambalo baba yao hajui kwamba unalijua, na kila siku inayopita inalifanya liwe zito zaidi kulitamka. Juu ya hapo umejipandisha kizimbani mwenyewe. Ngoja tuyafungue moja moja, tuanze na karatasi, kwa sababu naona umeisoma kama hukumu.

Kile kimashine kimetokana na jambo la ajabu lililogunduliwa London mwaka 1978 na David Kemp: sikio zima, likipigiwa sauti, lenyewe hutoa sauti ndogo kurudi nje. Ndani kabisa kuna sehemu iliyojisokota kama nyumba ya konokono, inaitwa koklea, ina vinyweleo ambavyo sauti ikifika vinacheza na kurudisha mwangwi. Yule dada aliweka kijipira laini kwenye tundu la sikio, kikalia tik-tik-tik taratibu, na kinasa sauti kilichomo humo kikasubiri mwangwi urudi. Kwa Kulwa ulirudi. Kwa Doto mashine haikuupata.

Kwa nini haikuupata, mashine haijui. Inawezekana vile vinyweleo vina kasoro. Inawezekana pia mwangwi ulikwama njiani, kwa maana tundu la sikio la njiti ni jembamba mno, kuta zake ni laini, na nyuma ya ngoma ya sikio mara nyingi kunakuwa na majimaji ambayo huisha yenyewe. Hata mtoto akinyonya au akikoroma wakati wa kupimwa, kelele ile inafunika mwangwi. Ndiyo maana hakuna anayeandika "kiziwi" kwa kipimo kile, huandika "arudi". Watoto wengi wanaorudi hupita. Lakini nisikudanganye: Doto alizaliwa njiti, alipata manjano, alichomwa jentamaisini, kwenye ukoo yupo asiyesikia tangu utotoni, na masikio yote mawili hayakupita mara mbili. Kila moja kati ya hayo ni sababu ya kutoiacha ile karatasi sandukuni.

Sasa sufuria ya bibi. Wanao wanalala kitanda kimoja, sivyo? Doto akiwa ubavuni mwa Kulwa, na Kulwa akashtuka akatupa mikono na miguu, Doto atafanya nini? Atashtuka pia, hata kama hakusikia chochote. Siku ile bibi alimpima Kulwa mara mbili. Ongeza mtikisiko wa kitanda, na kivuli cha mwiko ukipita juu. Simdharau mama mkwe wako hata kidogo. Uingereza kwenyewe, kwa wifi yako, kwa miaka mingi walipima watoto kwa njia inayofanana na yake. Wataalamu wa Manchester, Irene Ewing na mumewe Alexander, waliieleza mwaka 1944: mtoto wa miezi saba au minane anapakatwa na mama, mtu mmoja anamshughulisha kwa mbele, mwingine anatikisa njuga kwa nyuma, wanaangalia kama atageuka. Iliwaponyoka watoto wengi waliogeuka kwa sababu ya kivuli, au pumzi ya mtu shingoni. Mpaka kufikia 2006 vipimo vya mashine kwa watoto wachanga vilikuwa vimeenea Uingereza yote, na njia ile ikaachwa.

Kuna jambo jingine ambalo naona halikukaa vizuri kwenye hesabu yako, na hili litakupunguzia yale mapigo ya moyo ya usiku. Doto ana miezi minne na nusu kwa kalenda. Lakini alitoka wiki saba kabla ya wakati, na mwili wake unahesabu kuanzia siku aliyopaswa kuzaliwa. Kwa hesabu hiyo hajatimiza hata miezi mitatu. Mtoto wa umri huo, hata mwenye masikio mazima kabisa, haitegemewi ageuze kichwa ukimwita taratibu. Kugeuka kufuata sauti huanza kujitokeza kati ya miezi minne na sita.

Si kwamba wachanga hawasikii. Mtoto huanza kusikia angali tumboni, kuanzia kama wiki ya 25 au baada kidogo, na akizaliwa tayari sauti ya mama yake anaitambua. Koklea yake siku ya kuzaliwa ina ukubwa ule ule wa koklea yako. Kinachobaki kukomaa ni njia ya kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo: mishipa ile inaendelea kuvikwa ganda lake la mafuta, kama waya unaovikwa plastiki, na ujumbe unapita polepole kuliko kwa mtu mzima. Kazi hiyo inaendelea mpaka karibu mwaka wa pili. Kwa hiyo mtoto mchanga anaweza kuisikia sauti ndogo vizuri na asikuonyeshe dalili yoyote. Anakuonyesha tu zile kubwa, kwa kushtuka, au kwa kuacha kunyonya kidogo kisha kuendelea. Ukimwita akanyamaza, hujui kitu. Na "aguu" yake pia haikuambii kitu, maana hata watoto wasiosikia wanasema "aguu" miezi ya mwanzo. Tofauti hujitokeza baadaye, kwenye miezi sita hadi kumi, wenzao wanapoanza "bababa" na "mamama" mfululizo.

Unaona ninapoelekea? Kwa macho yako, kwa sufuria, kwa kumwita usiku, huwezi kujua Doto anasikia wala huwezi kujua hasikii. Uache kumlinda kwa macho usiku kucha, mwanangu. Unajichosha bure.

Upo ushauri wa bibi wa kusubiri miezi sita. Una ukweli ndani yake: kuanzia miezi sita, kwa ile hesabu ya njiti, kuna kipimo kizuri ambacho mtoto anafundishwa kwamba akisikia sauti na kugeuka, kinawaka kidoli cha kumfurahisha, na hapo anaonyesha mwenyewe. Gharama ya kusubiri ni kwamba lengo wanalojiwekea wataalamu duniani ni mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, achunguzwe kwa kina kabla ya miezi mitatu, na kama lipo tatizo msaada uanze kabla ya miezi sita, kwa sababu ubongo unajifunza lugha kuanzia siku hizi hizi, kabla neno la kwanza halijatoka. Umechelewa kidogo, hujachelewa sana. Kuna jingine la kawaida kabisa: kipimo cha pili, kile kinachosoma umeme mdogo unaopita kwenye mshipa wa sikio kwenda kwenye shina la ubongo, kinataka mtoto awe amelala fofofo. Sasa hivi Doto anashiba, analala, wanambandika vibandiko kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, hana habari. Akishakuwa mkubwa wa kuvivuta, mara nyingi inabidi apewe dawa ya usingizi.

Na hapa nina swali ambalo hukuniuliza. Vipi Kulwa?

Umemweka pembeni kwa sababu alipita, na ni haki yako kushukuru. Lakini kumbuka kile kimashine kinasikiliza vinyweleo tu. Ujumbe ukishatoka kwenye vinyweleo unapita kwenye mshipa, na manjano makali yanaweza kuuathiri mshipa huku vinyweleo vikibaki vizima. Mtoto wa namna hiyo hupita kipimo kile cha mwangwi. Sijui manjano ya Kulwa yalipanda kiasi gani, huenda yalikuwa ya kawaida tu, lakini wote wawili walikaa wodini na kwenye taa, na watoto wa aina yao hustahili kile kipimo cha mshipa pia. Sisemi haya ili nikuongezee hofu. Nasema kwa sababu yanabadilisha hata namna ya kulizungumza nyumbani: hakuna tena "Doto mbovu na Kulwa mzima". Kuna mapacha njiti wawili wanaokwenda kupimwa masikio, kama wanavyopimwa uzito.

Kuhusu wewe mwenyewe. Muziki wa baa ulifika tumboni umepozwa na mwili wako na maji ya uzazi, usijibebeshe huo. Sindano ni kweli zina uwezo wa kuumiza masikio, ingawa wengi waliochomwa wanasikia vizuri. Lakini maambukizi ya damu kwa mtoto wa kilo 1.7 ni moto unaoteketeza. Ulipoitikia kwa kichwa, Doto alikuwa kati ya sindano na kaburi. Ningeitikia pia.

Sasa baba yao. Umesema unadhani unajua hofu yake inatoka wapi, na mimi nimelirudia mara nyingi lile la vijiwe. Huyu ni mwanamume aliyekua akimwona mtu wa damu yake anaitwa kwa mawe. Nadhani anaposema "sitaki mashine" anasema "sitaki mwanangu akae karibu na zizi". Ukimjibu kwa kumweleza mashine, utakuwa umejibu swali ambalo hakuuliza. Labda siku akirudi, amekula, watoto wamelala, umwulize tu habari za baba yake mdogo. Alipotezaje masikio? Aliwahi kusoma? Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, mkoa wake mwenyewe. Inawezekana hakuna aliyewaambia wazazi wa mzee huyo. Na jina lile la "bubu" viziwi wenyewe hawalipendi. Wengi wao si kwamba hawana lugha, ni kwamba hakuna aliyejifunza lugha yao. Watoto wengi viziwi, zaidi ya tisa katika kumi, wanazaliwa na wazazi wanaosikia vizuri, kwa hiyo hakuna wa kunyooshewa kidole, si upande wako wala wake.

Kumpeleka kimya kimya kunawezekana, na sitakuita mke mbaya ukifanya hivyo. Ila jiulize ukitoka pale na majibu, utayaweka wapi. Wakisema anasikia, utafurahi peke yako jikoni. Wakisema kuna tatizo, utayabeba peke yako, na siku utakayoyatoa atasikia mambo mawili kwa pamoja: habari ya mtoto, na habari kwamba ulimzunguka. Kwa upande mwingine, kumwambia kwanza kunaweza kuleta katazo la wazi, na kwenda baada ya katazo ni kuzito kuliko kwenda kabla yake. Wewe ndiye unayemjua. Je, ni mtu anayekataa kwenye simu na kulainika akiwa nyumbani? Katikati ya njia hizo namwona mtu mmoja: mama mkwe wako. Yeye tayari anawapima wajukuu zake, kwa sufuria. Ukimwambia "mama, twende wote, wewe utampakata Doto wakati wa kupimwa," umempa nafasi yake, na mwanawe atasikia habari kutoka mdomo ambao hawezi kuukatia simu. Huenda hata karatasi ukaweza kumwonyesha yeye kwanza. Naye anaweza kukwambia mambo ya yule shemeji yake ambayo hujawahi kuyasikia.

Lakini mafuta, hapana, hilo naomba tulizuie bila visingizio. Mafuta ya moto yanaunguza ngoma ya sikio iliyo nyembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai. Na hata yakiwa vuguvugu, yanajaza tundu, na kipimo kitashindwa kwa sababu ya mafuta. Mwambie hivyo hivyo: mama, yatatuharibia kipimo.

Najua unataka kuniuliza, na kama ni kweli hasikii? Basi inategemea ni kiasi gani na ni sehemu gani ya sikio. Mwingine ni majimaji, yanatibika. Mwingine anavalishwa shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti, akiwa bado mchanga. Kwa wale ambao shimesikio halitoshi, Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017; ni ghali na baada ya upasuaji kuna miaka ya mazoezi, usiidhanie kuwa ni dawa ya siku moja. Na ipo Lugha ya Alama, ambayo mtoto anaweza kuanza kuielewa mikononi mwako mapema kama wengine wanavyoelewa maneno. Buguruni ipo shule ya viziwi, si mbali sana na kwako, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wana watu wazima viziwi ambao baba yao akikaa nao nusu saa tu atawaona wakibishana na kucheka. Sijui kama atakubali. Ila picha pekee aliyonayo kichwani ni ile ya zizini.

Hata mkiambiwa wote wanasikia, kwa historia yao waulize warudi lini tena, maana upungufu mwingine hujitokeza baada ya miezi.

Karatasi usiitupe, tarehe iliyopita haiharibu kitu. Itoe sandukuni, iweke kwenye kadi ya kliniki ya Doto, na siku ya chanjo mwonyeshe nesi, atakuelekeza wodi uliyotoka au kitengo cha masikio, pua na koo. Siku ya kupimwa usimnyonyeshe njiani. Mwache asinzie kidogo tu kwenye daladala, mfike akiwa na njaa na usingizi, umnyonyeshe pale pale kitini mpaka alegee. Nimeona kina mama wakirudishwa nyumbani kwa sababu mtoto alifika ameshalala usingizi wake wote barabarani.

Uniandikie, hata kama utaamua kusubiri kidogo. Na baba yao akikuambia habari za baba yake mdogo, ningependa kuzisikia.